Darubini ya 8x42 kwa ndege na maua ya Tabora

Kwa anayefuatilia ndege wa uani na maua ya porini Tabora, darubini ya 8x42 ndiyo ya kununua, na msimu wake ni huu kiangazi kinapoisha na mvua za Novemba zikinukia. Mininga imechanua njano hata kabla majani hayajarudi. Mbayuwayu wanaokimbia baridi ya Ulaya wanajipanga kwenye nyaya za umeme, na dume la kwera, aliyefanana na jike kwa ukahawia wakati wote wa ukame, anaanza kuota manyoya mekundu.

Namba 8 ni ukuzaji. 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8, unapata milimita 5.25, upana wa mwanga unaofika jichoni. Unatosha kabisa chini ya mwembe alfajiri. Ile ndogo ya 10x25 inatoa 2.5 tu: kivulini picha inafifia, na ukuzaji wa 10 unakuza pia mtetemo wa mkono. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maji matamu ya maua, hatulii kwenye ua moja, kwa hiyo picha pana na tulivu ina faida kuliko ukuzaji mkubwa.

Zikwepe zilizoandikwa 60x60 zenye vioo vyekundu. Wekundu ule unarudisha nje sehemu ya mwanga, ndege mwekundu anaonekana amepauka. Kabla ya kulipa, toka nje ya duka, tazama ukingo wa paa la bati. Ukiona mistari miwili, au macho yakianza kuuma, prizimu (vioo vya ndani vinavyopindisha mwanga) hazijakaa sawa, rudisha. Kisha ishike sentimita 30 kutoka usoni, uielekeze angani (kamwe si kwenye jua). Miduara ya mwanga kwenye vioo vya jicho iwe mviringo kamili. Iliyokatika pembeni ni dalili ya prizimu hafifu.

Wengi huilaumu darubini nzima kumbe hawajairekebisha. Funika kioo cha mbele cha kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Sasa funika cha kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete ya jicho la kulia. Hapo imekaa, baadaye ni gurudumu tu. Mwenye miwani ashushe vikombe vya macho, zile kingo zinazozunguka vioo vya jicho.

Udhaifu wake upo. Ina uzito wa karibu gramu 700, na kamba nyembamba inayokuja nayo inakata shingo. Nunua mkanda mpana. Vumbi la Oktoba lipulizwe kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Ukifuta kwa ncha ya kanga, mchanga utakwaruza vioo. Mvua zikishika, adui ni ukungu unaoota ndani ya vioo, na ukishaota hautoki bila kuifungua. Usiiache kwenye mkoba wake kabatini. Iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu, uvibadilishe vikishalowa.

Kwa maua, chagua inayoona kuanzia mita 2. Tena ina matumizi ambayo wauzaji hawayataji: igeuze, utazame kupitia kioo kikubwa, kioo cha jicho kikiwa karibu sana na ua. Vumbi la chavua linaonekana wazi, bila kulichuma ua lenyewe.