Ukumbi wa parokia Lubumbashi kwa mkutano wa redio za jamii: unachokuta na unachojiletea

Ukiwa na watu 60 wa redio za jamii kutoka Kipushi, Likasi, Kolwezi, Kasumbalesa na Kasenga, na siku mbili za kukaa nao Lubumbashi, ukumbi utautafuta mahali patatu: hotelini, kwenye kituo cha utamaduni au parokiani. Tathmini hii ni ya ukumbi wa parokia, ule wa Kenya, Katuba, Kamalondo au Kampemba: kuta za matofali ya simenti, paa la bati, jukwaa dogo, viti vya plastiki, soketi mbili au tatu ukutani. Kwa mkutano mdogo wa vyombo huru, hatujui mahali panapobakiza pesa zaidi kwa ajili ya wajumbe wenyewe. Ila unakodishwa mtupu. Anayeingia akidhani amelipia huduma nzima atakwama kabla ya saa nne asubuhi.

Hoteli inahesabu vichwa. Bei yake kwa mtu mmoja inabeba chai mbili, chakula cha mchana na maji, juu yake TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, na mara nyingi kuna idadi ya chini unayolipia hata watu wasipofika. Basi lililoharibika njiani kutoka Kolwezi, kilomita kama 300, linakula bajeti mara mbili: nauli imekwenda, na sahani zao zimelipwa. Parokia inakodisha siku. Wakija 45 au 70, bei ni ileile. Kituo cha utamaduni, kama Halle de l'Étoile ya Taasisi ya Kifaransa, kina jukwaa na taa za kweli, na kwa jioni moja ya wazi kwa wananchi tungekichagua bila kusita. Lakini kalenda ya vituo vya namna hiyo hupangwa miezi mapema, na mkutano wa kazi wenye vikundi vitano vinavyojadili kwa wakati mmoja unahitaji vyumba vya pembeni. Parokia ina madarasa ya shule jirani. Hilo ndilo jambo bora kuliko yote kwake, na wengi husahau kuliomba. Madarasa yawe yameandikwa kwenye makubaliano pamoja na ukumbi, na uchague siku za likizo ya shule.

Kuhusu siku: Jumamosi ni ya harusi, Jumapili ni ya misa, na matanga hayana kalenda. Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku salama. Kuhusu majira, usijadiliane na mtu: kuanzia Novemba mpaka Machi mvua ikianguka juu ya bati hakuna mikro (maikrofoni) itakayoishinda, na kila ulichorekodi ni cha kutupa. Panga kati ya Mei na Agosti. Juni na Julai asubuhi ni baridi, kwa hiyo mambo yaanze saa tatu na chai iwe tayari kabla ya watu kuingia.

Watu wa kuzungumza nao ni watatu, si mmoja. Paroko anakubali shughuli. Ekonomo, mtunza fedha wa parokia, anapokea pesa na kuandika tarehe kwenye daftari, na bila avansi (malipo ya awali) hakuna tarehe hata kama paroko amekubali kwa mdomo. Santinele, yaani mlinzi, ndiye mwenye funguo, na ndiye anayejua fiyuzi ipi inakatika na bomba lipi halitoi maji. Mikutano mingi huchelewa saa nzima kwa sababu santinele hakuambiwa kitu. Mwone siku moja kabla, ufungue naye kila mlango.

Barua kwa paroko itaje mada zote bila kuzificha. Parokia nyingi hukataa mikutano ya vyama vya siasa, na akisikia katikati ya siku ya kwanza mada ambayo hakuiona kwenye barua, ana haki ya kufunga. Kipindi kuhusu sheria-agizo namba 23/009 na 23/010 za tarehe 13 Machi 2023, ile ya uhuru wa habari na ile ya mambo ya kidijitali, kiandikwe kwa jina lake. Upande wa serikali, kifungu cha 26 cha Katiba ya Kongo kinadai taarifa ya maandishi kwa maandamano ya barabarani na mikusanyiko ya mahali pa wazi. Ukumbi uliofungwa si mahali pa wazi, lakini peleka barua komini (manispaa ya eneo hilo) hata hivyo. Iwe barua ya taarifa, wala isiwe ya ombi: neno moja "tunaomba ruhusa" linampa mtu nafasi ya kukunyima. Nenda na nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Nakala hiyo ikae mlangoni siku zote mbili, mkononi mwa mtu mmoja anayejulikana, ili askari akija asianze kumtafuta mwenye mkutano ndani.

Sasa umeme, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Usiutegemee wa SNEL, shirika la umeme la taifa, peke yake, na usikubali maneno "tuna grupu" (jenereta) bila kuiwasha mbele yako. Piga hesabu yako mwenyewe. Bafle (spika) mbili zenye amplifaya ndani, kwa sauti ya mazungumzo, wati 300 kwa pamoja. Meza ya sauti 30. Projekta 300. Kompyuta sita, wati 65 kila moja, 390. Taa za LED 80. Kisha simu: watu 40 wakichomeka kwa pamoja, wati 10 kila mmoja, ni 400 nyingine. Jumla ni 1,500. Grupu ya kVA 2.5 inatoa kama wati 2,000 za kweli, kwa hiyo inabeba mzigo huo bila kuhema, ikinywa lita moja ya petroli kwa saa au zaidi kidogo. Siku mbili za saa nane ni lita 16, nunua 20. Birika la umeme lina wati 2,000 peke yake. Mtu akilichomeka jikoni, kila kitu kinazima na faili iliyokuwa ikirekodiwa inaweza kuharibika. Maji ya chai yachemshwe kwa makala (mkaa), na marufuku hiyo waambiwe mama wapishi kabla hawajafika na vyombo. Grupu ikae nje, mita 20 kutoka madirishani, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watu. Kuiweka kwenye korido kwa kuogopa wezi ni hatari ya kifo, kwa kuwa moshi wake hauonekani wote wala haunuki wote.

Sauti ya ukumbi wenyewe ni mbaya, na hili lisemwe wazi. Kuta mbili za simenti zinazotazamana zinarudishiana maneno, na anayeketi nyuma anasikia kila silabi mara mbili. Tiba yake ni rahisi: tundika mablanketi au vitenge vizito ukuta wote wa nyuma, toka kimo cha kichwa hadi chini, na panga viti kwa nusu duara upande mrefu wa ukumbi, ili mtu wa mwisho asiwe mbali. Bafle ziwe mbele ya mikro, zikitazama watu. Zikikaa nyuma ya mzungumzaji utapata laseni, ule mluzi wa sauti inayojirudia, siku nzima. Mikro mbili mezani na moja ya kupitishwa kwa wajumbe zinatosha, zote za waya, maana zisizo na waya hufa betri katikati ya swali. Nyaya nne za mita 10 na mbili za mita 20, zilizobandikwa sakafuni kwa utepe wa gundi mahali watu wanapopita. Kompyuta ikiunganishwa na meza ya sauti ikaleta mngurumo, chomoa chaja yake kwanza. Mara nyingi mngurumo unakufa hapohapo.

Kwa kuwa wajumbe ni watu wa redio, kila mmoja atataka sauti ya kurudi nayo. Usiwaache waweke simu zao mbele ya bafle. Chukua sauti moja kwa moja kutoka meza, katika WAV ya kiloherzi 48 na biti 16: kwa mono ni megabaiti kama 346 kwa saa, kwa hiyo siku ya saa nane haifiki gigabaiti 3. Kadi mbili za gigabaiti 16, moja kwa siku, na nakala kila jioni kwenye kompyuta mbili zinazolala nyumba tofauti. Intaneti ukumbini hakuna. Ukitaka kurusha nje, rusha sauti peke yake: kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni megabaiti 29 kwa saa, na mtandao wowote wa simu unaibeba. Video ya megabiti moja na nusu inakula megabaiti 675 kwa saa na hukatika hata hivyo. Weka laini za kampuni mbili tofauti.

Lugha nayo inakula muda. Kifaransa kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kunakaribia kuongeza muda mara mbili. Mzungumzaji aliyepewa dakika 20 aambiwe aandae maneno ya dakika 10.

Vyoo vihesabiwe kwa saa. Choo kimoja, dakika mbili kwa mtu, kinahudumia watu saba kwa mapumziko ya dakika 15. Vyoo viwili vya ukumbi havitoshi watu 60 hata kidogo. Omba vya shule, tenga vya wanawake kwa maandishi mlangoni, na jaza pipa la lita 200 asubuhi, kwa sababu maji ya bomba hukatika bila kuaga.

Chakula ni furaha ya parokia. Kikundi cha mama wa jirani kitapika bukari (ugali), sombe (kisamvu) na samaki wa thomson kwa bei ambayo hoteli haiwezi kuikaribia. Kisia gramu 250 za unga kwa mtu, yaani kilo 15 kwa watu 60 kwa siku. Wapewe pesa za soko jioni iliyotangulia, nusu ya malipo yote, na nusu iliyobaki siku ya mwisho. Wageni wa mbali walale kwenye nyumba za masista au prokire (nyumba ya wageni ya Kanisa): ni safi na salama, ila lango hufungwa mapema usiku, kwa hiyo usipange mjadala wa jioni bila kuuliza saa.

Tukija kwenye fedha, ukumbi wa bei nafuu una tatizo moja zito: karatasi. Mfadhili anataka fakitire (ankara) yenye namba ya kodi, parokia inatoa risiti yenye muhuri tu. Muulize mfadhili kwa maandishi, kabla ya kusaini mkataba naye, kama risiti ya muhuri anaikubali. Ukiuliza baadaye, gharama hiyo inakataliwa na deni linabaki kwenu. Kwa mama wapishi, andaa karatasi ya kupokea pesa yenye jina, kazi, kiasi na saini.

Tangu Marekani ilipozuia misaada yake ya nje Januari 2025, na USAID kukoma kuendesha miradi tarehe 1 Julai mwaka huohuo, wafadhili waliobaki wanaombwa na wengi zaidi. Hapo ndipo mkutano unaoweza kufanyika kwa michango unapookoka. Kila redio ilipe kitu, hata kama ni mfuko wa unga, mikro au lita tano za petroli, na viandikwe kwenye bajeti kwa thamani yake. Kampuni ya madini ikijitolea kulipa yote, Katanga nzima inajua jibu: vijiji vinavyoilalamikia vitawaaminije watangazaji waliokula kwake? Kampuni ya simu inayotaka bango tu mlangoni ni jambo jingine, linavumilika, mradi haichagui mada.

Michango ikusanywe kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. M-Pesa ina akaunti ya dola na ya faranga, kwa hiyo sema wazi ipi inatumika. Namba ina siri moja na mtu mmoja anayeijua, basi kila jioni picha ya salio iende kwenye kundi la redio zote. Dola za mkononi ziwe safi: noti iliyopasuka au iliyochakaa itakataliwa sokoni hata kama benki ndiyo iliyokupa. Mwishoni mwa 2025 faranga ilipanda thamani mbele ya dola, na bajeti zilizoandikwa kwa dola tu zikapungua sokoni. Kila kinachonunuliwa kwa faranga kiandikwe kwa faranga.

Nauli itangazwe kwa kila njia kabla watu hawajasafiri, na irudishwe kwa simu pamoja na ada ya kutoa, mchana wa siku ya pili. Iitwe nauli, ilingane na nauli. Ukiongeza kidogo "ya soda" umeleta kupage, zile pesa za kumhonga mwandishi, ndani ya mkutano wa watu wanaopigana nayo. Orodha ya mahudhurio yenye saini ni ya mfadhili. Kwa vipindi vya usalama wa waandishi, tumia orodha nyingine yenye idadi tu, bila majina wala namba za simu.

Salio la ukumbi lisilipwe mpaka viti vimehesabiwa pamoja na santinele, vilivyovunjika vikiandikwa mbele ya ekonomo. Kwa hiyo vihesabu pia asubuhi ya kwanza, kabla mjumbe yeyote hajaketi.