Magongo yasiyoumiza kifundo cha mkono: yapi ununue kwanza

Dukani utaonyeshwa kwanza sponji ya kwapani. Utaibonyeza, itabonyea, utaridhika. Lakini kwapa halikuumbwa kubeba mtu. Hapo ndipo zinapopita neva za mkono, na anayening'inia juu ya magongo yake anaweza kujikuta kiganja kimelegea, hakinyanyuki. Uzito unatakiwa ushukie viganjani, kwa hiyo cha kukagua kwanza ni kishikio. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho.

1. Magongo ya kigasha yenye kishikio kipana

Ni yale mafupi, yenye pete inayokumbatia kigasha (mkono kati ya kiwiko na kifundo), chini kidogo ya kiwiko. Mengi huja na kishikio cha bomba la duara lililovikwa plastiki, na hapo ndipo tatizo linapoanza: uzito hukusanyika kwenye mstari mmoja wa kiganja, kifundo kinapinda kwa nyuma, na baada ya muda vidole vinakufa ganzi. Kishikio kilichobapa, kilichofuata umbo la kiganja, hutandaza uzito huo hadi kwenye nyama ya chini ya kidole gumba. Kampuni za Ujerumani kama Ossenberg na Kowsky hutengeneza vya namna hiyo. Vina kulia na kushoto, kwa hiyo ukiuziwa vyote vya mkono mmoja, rudisha papo hapo. Kwa atakayetembelea magongo miezi mingi au maisha yote, haya ndiyo ya kununua.

2. Magongo ya kuegemeza kigasha

Kiwiko hukunjwa digrii 90, kigasha kinalazwa kwenye kihori chenye sponji na kufungwa mkanda. Kifundo kinapumzika. Mwenye baridi yabisi ya mikono, au aliyevunjika mkono na mguu katika ajali moja (na kwa bodaboda zetu, hao si wachache), aruke namba moja aje hapa. Wengine yatawachosha: ni mazito, ngazi ni mtihani, na ukiteleza huwezi kuyatupa upesi kwa kuwa mkono umefungwa. smartCRUTCH ya Afrika Kusini imekaa katikati, kwani pembe ya kigasha hurekebishwa ili mzigo ugawanywe kati ya kigasha na kiganja. Tatizo ni kulipata karibu.

3. Yenye springi

SideStix ya Kanada ndiyo inayotajwa sana. Springi hupunguza mshindo gongo linapogota chini, ila haipunguzi uzito. Ukisimama tu, mkono unabeba kilekile. Anayetembea mwendo mrefu kwenye njia ya mawe ataona tofauti. Anayetoka kitandani kwenda chooni anatupa hela.

4. Ya kwapani

Ya mbao au ya aluminiamu, yote ni ya wiki chache. Chagua yale ambayo kishikio hupandishwa na kushushwa peke yake, mbali na urefu wa gongo. Yenye kishikio kisichosogea usiyachukue hata ukipewa bure.

Aina yoyote utakayochukua, ipimie palepale dukani. Vaa viatu unavyovaa kila siku, simama wima, achia mikono ining'inie. Kishikio kiwe usawa wa mkunjo wa kifundo. Ukikishika, kiwiko kikunjike kidogo, digrii 20 hadi 30. Kwa yale ya kwapani, kati ya sponji na kwapa viingie vidole viwili au vitatu. Muuzaji akikuharakisha, mwache akasirike.

Kisha geuza gongo uangalie mpira wa chini. Ukilika, gongo linateleza, nawe unakaza mkono kulidhibiti, kifundo kinaumia. Nunua mipira ya akiba siku hiyohiyo, na uijaribu kwenye bomba lako: mabomba hayalingani unene, na mpira uliolegea hubaki kwenye tope.