Mitambo ya upepo ya Altamont Pass: lenzi ndefu au pana?

Kwenye vilima vya Altamont Pass, California, kando ya barabara kuu ya I-580, lenzi ndefu, ya milimita 200, huvuta safu za vilima zikakaribiana, na minara ikaonekana imesongamana juu ya magari. Pana, ya milimita 24, huifanya minara ya mbali kuwa njiti tu. Lakini mawingu yakiwa mazuri, au barabara ikijikunja mbele yako, pana ndiyo inayoshinda.

Kwa bei na uzito, pana haina mpinzani.

Ndefu ina usumbufu wake. Mchana wa kiangazi, joto linalopanda kutoka kwenye lami huitetemesha picha, na hakuna kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) inayoliponya, nenda alfajiri. Upepo nao huitikisa: shusha tripodi (kinara cha miguu mitatu), usiinue nguzo ya kati, vua kinga ya jua ya lenzi. Ukitaka mabawa yaonyeshe mwendo, anza na kasi ya shata ya 1/15 ya sekunde; kuyagandisha, 1/500.

Unatembea na begi dogo, majani yakiwa mabichi mwezi Machi? Beba pana. Unaitaka minara yenyewe? Ndefu. Kwa vyovyote, usiegeshe pembezoni mwa I-580. Pita Altamont Pass Road.