Mwaka wa kujitolea katika shule za mahitaji maalumu Ujerumani: unachopewa na unachodaiwa

Kijana wa Kenya au Tanzania akisikia habari ya kujitolea Ujerumani, swali lake la kwanza huwa posho. Aanze na chumba. Nafasi ya euro 350 kwa mwezi yenye chumba na chakula inaishinda ya euro 550 inayokuacha ujitafutie nyumba München. Baada ya chumba aulize ni nani atakayemwelekeza kazini wiki za mwanzo. Posho ifuate baada ya hayo mawili.

Tunayoipima hapa ni huduma ya kujitolea ya serikali ya Ujerumani, Bundesfreiwilligendienst, au BFD kwa kifupi, pale inapofanyika katika Förderschule, yaani shule ya watoto wenye mahitaji maalumu. BFD ilianza Julai 2011, mwaka ule ule serikali ilipositisha kuwaita vijana jeshini kwa lazima. Kabla ya hapo, waliokataa kushika bunduki walitumikia miezi yao hospitalini, kwenye nyumba za wazee na katika shule hizi hizi. Walipoondoka, pengo likazibwa na wa kujitolea. Kwa hiyo anayekwenda akidhani atafundisha nyimbo na kuchora na watoto ajue mapema: anakwenda kufanya kazi ya mikono, kama saa 39 kwa wiki, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni mwili wa mtoto. Kumbadilisha nepi, kumlisha, kumvalisha, kumhamisha kutoka kwenye kiti cha magurudumu.

Kwa upande wa fedha mpango ni wa wazi. Hakuna mshahara, kuna posho yenye kikomo cha kisheria. Kikomo hicho kilipandishwa mwaka 2024, na kwa 2025 kilikuwa euro 644 kwa mwezi. Shule nyingi hutoa chini ya hapo. Michango ya bima ya afya, ya uuguzi, ya pensheni na ya ajali hulipwa yote na upande wa mwajiri, na hilo peke yake ni jambo kubwa. Likizo ni wiki nne hivi kwa mwaka, na walio chini ya miaka 27 wana siku 25 za semina zinazohesabiwa kama kazi. BFD haina kikomo cha juu cha umri. Ndugu yake, FSJ (Freiwilliges Soziales Jahr, mwaka wa kujitolea wa huduma za jamii), ni kwa walio chini ya miaka 27 tu, na ukiacha hilo tofauti zake si za kukukosesha usingizi.

Yapo makato ambayo tangazo la nafasi haliyataji. Ukishajiandikisha ofisi ya wakazi, barua ya ada ya redio na televisheni ya umma itakufuata: euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Ada hiyo ni ya nyumba, si ya kila mtu, kwa hiyo mnaoishi wanne mnagawana na mmoja analipa kwa niaba ya wote. Usafiri nao uulizie. Tiketi ya mwezi ya nchi nzima ilianza 2023 kwa euro 49 ikapanda hadi 58 mwaka 2025, na shule nzuri huilipa yenyewe. Nauli ya ndege kwa kawaida ni mzigo wako. Njia ambayo nauli na bima hulipwa ni mpango mwingine, weltwärts, ambao tangu 2013 hupokea pia vijana kutoka nchi za Kusini mwa dunia, kama za kwetu Afrika. Huo ni wa miaka 18 hadi 28, na huingii peke yako, unapelekwa na shirika la nchini kwako.

Sasa karatasi. Mkataba wa BFD hauishii kati yako na shule. Unathibitishwa na ofisi ya shirikisho iliyoko Köln, inayofupishwa BAFzA. Hapo ndipo pa kumnasa tapeli: dalali wa Nairobi au Dar es Salaam akikudai laki kadhaa huku akikuonyesha "barua ya mwaliko" tu, mwulize mkataba wenye uthibitisho wa BAFzA uko wapi. Nafasi hizi haziuzwi. Mwombaji huandika moja kwa moja kwa shule au kwa shirika linaloiendesha, kama Caritas, Diakonie au Lebenshilfe, na usaili hufanyika kwa video.

Viza ni ya kitaifa, ada yake euro 75, na kinachoiangusha mara nyingi ni vitu viwili. Kwanza, lugha. Kisheria hakuna anayekutaka uongee kama mtangazaji wa redio, lakini afisa akikuuliza kwa Kijerumani utafanya nini shuleni nawe ukakwama kwenye jina lako, umeshajibu. Katika ngazi za lugha zinazopanda kutoka A1 hadi C2, A2 ni kujaribu bahati. B1 ndiyo kiwango cha kazi, kwa sababu mtoto asiyesema anasimuliwa kwako na mwalimu kwa sentensi moja ya haraka mlangoni: hajalala, hajapata choo siku mbili, leo asipewe maziwa. Pili, riziki. Posho ya euro 400 bila chumba haimshawishi afisa kwamba utaishi, na hapo utadaiwa mdhamini au akaunti iliyofungiwa fedha, yaani unayoweza kuitoa kidogo kidogo kila mwezi tu. Ndiyo maana tumeanza na chumba.

Shule itataka pia cheti cha tabia njema kutoka polisi, na uthibitisho wa chanjo ya surua. Hili la surua huwashtua wengi. Tangu Machi 2020 kila anayefanya kazi shuleni Ujerumani, akiwa amezaliwa baada ya 1970, lazima aonyeshe dozi mbili au kinga iliyopimwa kwenye damu. Kadi ya kliniki ya utotoni ikiwa imepotea, chanja upya nyumbani kabla ya safari. Ukifika bila karatasi, shule haiwezi kukuingiza darasani hata ikikupenda.

Kazi yenyewe. Asubuhi basi dogo linashusha watoto. Kiti cha magurudumu ndani ya gari hufungwa kwa mikanda minne sakafuni, na mtoto ana mkanda wake mwingine. Anayeanza husahau huu wa pili. Kwenye mteremko mkali kiti hushushwa kinyumenyume. Mtoto mzito huinuliwa kwa mashine, na kitambaa cha kumbebea kiwe cha saizi yake, kwa kuwa kikiwa kikubwa anateleza katikati ya hewa. Kijana mwenye nguvu hupenda kumbeba kwa mikono ili amalize upesi. Mgongo wake humaliza upesi zaidi.

Chakula ndicho kinachohitaji uangalifu kuliko yote. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kupaliwa na maji matupu, kwa hiyo vinywaji vyake huongezwa unga wa kuvifanya vizito kwa kipimo kilichoandikwa. Mkalishe wima, kidevu kikielekea chini kidogo, kijiko kije kutoka usawa wa mdomo wala si kutoka juu, na usipeleke cha pili kabla hujaona cha kwanza kimemezwa. Mlo mmoja unaweza kuchukua dakika 40. Shule inayompa mgeni watoto wawili wa kulisha kwa wakati mmoja ina upungufu wa watu. Iulizie hilo kwenye usaili.

Kifafa: tazama saa kwanza. Ondoa vitu vigumu karibu, mlaze ubavu mtikisiko ukiisha, usimshike kwa nguvu, na kijiko mdomoni kile cha kwetu kiache kwetu. Mtikisiko ukipita dakika tano, piga 112, namba ya dharura ya huko. Dawa ya dharura hutolewa na aliyefundishwa tu, na wewe hujafundishwa mpaka jina lako liandikwe.

Mtoto mwenye usonji huishi kwa ratiba ya picha ukutani. Ukibadilisha mpango bila kubadilisha picha, mlipuko utakaofuata umeusababisha wewe. Hapa wageni wetu wana sifa na wana hatari. Sifa ni subira na kutoona kinyaa, na walimu huiona haraka. Hatari ni mkono. Tangu mwaka 2000 sheria ya Ujerumani inampa mtoto haki ya kulelewa bila kipigo, na kofi moja, hata la mgongo wa mkono, ndilo mwisho wa mwaka wako. Kumfungia mtoto chumbani au kumkaza na mkanda ili atulie nako si uamuzi wako wala wa mwalimu: kwenye taasisi anakolala, hatua za namna hiyo zinahitaji idhini ya mahakama ya familia. Picha za watoto zisiingie kwenye hadhi ya WhatsApp. Hata ya mgongo.

Kinachoharibu mwaka kwa wengi si watoto. Ni likizo za shule. Watoto hupumzika karibu wiki 12 kwa mwaka, wewe nne, na hizo nne unalazimika kuzichukua shule ikiwa imefungwa. Wiki zilizobaki unasafisha stoo, unapaka rangi, au unapelekwa kwenye bweni. Uliza mapema, iandikwe. Jumuiya za Camphill, zilizoanzia karibu na Aberdeen, Scotland, mwaka 1940 chini ya daktari Karl König aliyekimbia Vienna, zina mpangilio tofauti: shule na makazi ni kitu kimoja, unakula meza moja na watoto, chumba ni hakika. Upweke ni mdogo huko. Faragha nayo ni ndogo.

Kama lengo ni kubaki, mwaka huu ni mlango halali wa mafunzo ya kazi, hasa Heilerziehungspflege, fani ya miaka mitatu ya kuwahudumia watu wenye ulemavu. Shule inayokujua hukuchukua kirahisi kuliko barua pepe kutoka Kisumu au Mbeya. Ila cheti cha kidato cha nne kinapaswa kutambuliwa na mamlaka za huko, kazi ya miezi, kwa hiyo peleka maombi ukiwa bado mwezi wa tatu wa huduma. Kibali kipya kiombwe kabla cha zamani hakijaisha. Cheti cha utumishi ni haki yako: kidai kwa maandishi wiki sita kabla ya siku ya mwisho, na hakikisha kinataja kazi ulizofanya moja moja, si mahudhurio tu.

Mwaka wa huduma huanza Agosti au Septemba. Kwa sababu ya foleni ya viza, maombi ya shule yawe yametoka mikononi mwako kabla ya Desemba ya mwaka unaotangulia.