Uchambuzi: Hangul ndani ya Unicode, imepangwa vizuri kiasi gani?

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo hapa mezani hakuna simu wala spika. Tunachambua kitu ambacho kila anayechati kwa Kikorea anakitumia bila kukiona: jinsi Unicode, kiwango cha kimataifa kinachoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, ilivyozipa namba herufi za Hangul, alfabeti ya Wakorea.

Tazameni skrini. Nabonyeza ㅎ. Nabonyeza ㅏ, zimeungana: 하. Naongeza ㄴ, imeingia chini: 한. Nimebonyeza mara tatu, lakini kilichohifadhiwa ni namba moja tu, 54,620.

Namba hiyo haikuokotwa, na hapa ndipo bidhaa hii inaponikosha. Hangul ya leo ina konsonanti 19 za kuanzia silabi, irabu 21, na mwishoni nafasi 28, tukihesabu na ile ya kuachwa wazi. Zidisha zote, unapata silabi 11,172. Zimepangwa mfululizo kuanzia namba 44,032. Sasa tuhesabu pamoja, tukianzia sifuri: ㅎ ni 18, ㅏ ni 0, ㄴ ya mwisho ni 4. Kila konsonanti ya mwanzo ina silabi 588, yaani 21 mara 28. Kwa hiyo 18 mara 588, jumlisha 4, jumlisha 44,032. Jibu: 54,620! Programu ikitaka kujua ndani ya silabi mna herufi gani, inagawanya tu, haihitaji jedwali lolote. Kwa maoni yangu, ndani ya Unicode nzima hakuna kazi safi kuliko hii.

Haikuanza hivi. Kiwango cha Korea Kusini cha herufi za kompyuta cha mwaka 1987, KS C 5601, kilikuwa na silabi 2,350 tu, zile zinazotumika zaidi. Silabi kama 똠, inayoanza jina la ile supu ya Kithai, tom yum, haikuwamo. Fikiria unazuiwa kuandika sauti ambayo alfabeti yako inaiweza kabisa! Unicode nayo katika toleo la 1.1 ilikuwa na silabi 6,656, halafu toleo la 2.0 la mwaka 1996 likazihamisha zote na kuzikamilisha kufika 11,172. Karibu namba zote za zamani baadaye zikapewa herufi za Kichina. Uhamisho ule ulikuwa mchungu kiasi kwamba sheria ikawekwa: herufi ikishapewa namba, haihamishwi tena. Mimi nasema walifanya vyema kuhama mapema.

Sasa kasoro, na si ndogo. Silabi hiyohiyo 한 inaweza pia kuhifadhiwa kama herufi tatu zilizoachana, kila moja na namba yake. Kwenye UTF-8, njia ya kuzihifadhi namba hizo kama baiti, silabi iliyoungana inachukua baiti 3, hii iliyoachana baiti 9. Kwa macho huoni tofauti, lakini kwa kompyuta ni maandishi mawili tofauti. HFS+, mfumo wa zamani wa faili kwenye Mac, ulikuwa ukihifadhi majina ya faili kwa njia hii ya kuachanisha. Faili likifika kwenye Windows, jina linaweza kuonekana limesambaratika, ㅎ peke yake, ㅏ peke yake, ㄴ peke yake. Inaudhi sana.

Je, njia hiyo ya pili ifutwe? Hapana. Kikorea cha kale kina irabu kama ㆍ, ambayo haimo kwenye zile silabi 11,172. Anayenakili maandishi ya enzi za mfalme Sejong, karne ya 15, bila herufi hizi zilizoachana hawezi kufanya kazi.

Kwa hiyo wewe mtumiaji wa kawaida, jina la faili likisambaratika, liandike upya kwenye kompyuta uliyonayo, litatulia. Na nyinyi mnaotengeneza programu, nawaomba: geuzeni maandishi yawe NFC, yaani silabi zilizoungana, kabla ya kulinganisha au kutafuta. Msipofanya hivyo, Mkorea ataandika jina lake mwenyewe herufi kwa herufi, na mfumo wenu utamjibu kwamba halipo.