Nimepata leseni nikiwa na miaka 34 na gari ni la Baba, huu ndo uzoefu wangu wa bima kubwa

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu, watu wazima tuliochelewa kujifunza gari na gari lenyewe ni la mzazi. Nipo Morogoro, Baba ni mwalimu mstaafu, ana Toyota Premio na kadi ina jina lake. Mwaka juzi macho yakaanza kumsumbua, mtoto wa jicho, usiku akawa haoni kabisa na kliniki ni Dar, kwahiyo kila safari tukawa tunatafuta dereva wa kumlipa mpaka nikasema basi, nitajifunza mwenyewe. Nikaenda chuo, nikajifunzia kwenye gari la chuo lenye L (la Baba sikuligusa kipindi chote kile), nikafaulu mtihani wa trafiki nikapata leseni yangu daraja D.

Gari lilikuwa na bima ndogo, ile ya 118,000 kwa mwaka, na Baba hakuwa na shida nayo maana sheria haikudai zaidi ya hapo na yeye huwa anaenda taratibu. Ila bima ndogo ni kwa ajili ya uliyemgonga, ukiligonga gari lako mwenyewe ukutani hiyo ni juu yako. Mi na leseni bado changa nikaona hapana, gari ndo mali pekee Baba aliyobaki nayo ukiacha nyumba, siwezi kukaa kwenye usukani hivyo. Tukakubaliana tukate bima kubwa, ile inayolipa mpaka gari lako mwenyewe, mi nalipa.

Wakala wa kwanza alikuwa mchangamfu sana, akaja mpaka nyumbani. Nikamwambia kabisa gari ni la Baba ila dereva mkubwa nitakuwa mimi na leseni yangu ni mpya, akasema dada usijali, bima inafuata gari haifuati dereva, mwenye leseni yeyote aliyeruhusiwa na mwenye gari anaendesha, jaza tu jina la mzee kwenye sehemu ya dereva tumalize. Halafu akataka tuandike thamani ya gari milioni 8 ili malipo yapungue wakati tulijua kabisa sokoni lipo kama milioni 12. Baba akamuuliza, kijana, likiungua mtanilipa ngapi? Akaanza kuzungukazunguka. Tukamuaga.

Kwahiyo nikaenda mwenyewe ofisini kwa kampuni nyingine hapo mjini, nikamkuta mama mmoja mtu mzima wa kitengo cha magari, huyu ndo alinifungua macho. Akasema ni kweli bima inafuata gari, na ni kweli hawakuongezei malipo kwa sababu ya leseni mpya, asilimia 3.5 ya thamani ni ile ile, yani kwa milioni 12 ni 420,000 na VAT 75,600, jumla 495,600. Lakini akafungua kitabu cha mkataba akanionyesha kwenye eksesi, ile hela unayotoa mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Eksesi ya kawaida kwetu ni asilimia 10 ya madai isipungue 200,000, halafu kuna nyingine juu yake ya 250,000 kama aliyekuwa anaendesha leseni yake haijafika miaka miwili. Na umri wangu hauniokoi, awe na miaka 20 au 50, mpya ni mpya. Akaniambia pia swali la kwenye fomu linalouliza nani ataendesha si la kupamba, ukificha wanaweza kukataa madai yote. Nikaandika jina langu na tarehe ya leseni, nikaomba waniandikie kwenye mkataba kwamba wanajua, wakaandika. Wakapiga gari picha pande zote, nikalipa, jioni ile ile nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia bima, nikaiona bima imesoma. Hiyo msiiruke jamani, stika ya mtu tu usiiamini mpaka uione kwenye mfumo.

Mwezi wa tano nikagonga. Narudi nyuma karibu na stendi ya Msamvu, lori limesimama na chuma kimetokeza, bampa, taa na mlango wa buti vyote vikaenda. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikampigia Baba akasema mama, umeumia? gari litatengenezwa. Nikaita trafiki, nikapiga picha, nikawataarifu bima siku ile ile.

Hapo ndo kwenye malalamiko yangu. Makadirio ya gereji yalikuwa 1,650,000, tukatoa 450,000 (200,000 ya kawaida na ile 250,000 ya leseni mpya) wao wakalipa 1,200,000, sawasawa na ile karatasi, hapo sina neno. Ila ilichukua wiki saba. Walitaka maelezo yangu kama dereva, kopi ya leseni, ripoti ya polisi, na fomu ya madai asaini Baba kwa sababu mwenye bima ni yeye, na hakuna aliyetuambia hilo mwanzoni, nikasaini mimi wakairudisha, wiki mbili zikapotea bure. Baba akakosa kliniki moja. Nilishaanza kuandaa barua ya kupeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ndo wakapiga simu gari lipelekwe gereji. Kwa mzee asiyeona vizuri kumsumbua aje kusaini baada ya fomu kurudishwa sio sawa, na nimewaambia ana kwa ana.

Bado nawapa alama nzuri kwa sababu ya yule mama na kwa sababu walilipa walichoandika. Ningefuata ushauri wa yule wakala, jina la Baba kwenye fomu na milioni 8, sijui leo gari lingekuwa wapi.

Mwezi wa tatu tunakata tena. Punguzo la kutokuwa na madai limeshapotea, hilo tumekubali. Leseni yangu inafikisha miaka miwili mwezi wa sita, katikati ya mwaka wa bima, kwahiyo nitauliza ile 250,000 inatoka siku hiyo hiyo au mpaka mkataba uishe, na jibu nitataka kwenye karatasi.