Tanuri la koili za juu na kalibu nyingi kwa mpigo mmoja: uzoefu wangu

Natengeneza sahani na vibakuli vya kioo hapa Arusha, zaidi kwa mabaki ya vioo vya dirisha vya milimita 5 na 6 ninayoyachukua kwa mafundi wa alumini. Oda za hoteli huja kwa seti, ndiyo maana niliagiza tanuri pana, fupi, lenye koili za umeme za kupasha joto kwenye kifuniko, pamoja na kalibu za udongo za maumbo matatu. Kioo hulazwa juu ya kalibu, kikalegea kwa joto na kushuka ndani yake kuchukua umbo.

Kwa kazi ya seti, nalisifu bila kusita. Tanuri la mfinyanzi lenye koili ubavuni hulegeza kwanza upande wa kioo ulio karibu na ukuta, sahani ikashuka kombo. Hili linapasha kutoka juu, na kalibu zinazofanana zikiingia pamoja huwezi kutofautisha zitokazo. Pembeni ndiko joto hupungua kidogo, basi huko naweka kalibu pana zisizo na kina: kioo kilichotanda eneo kubwa hulegea mapema kwa uzito wake. Kibakuli chembamba chenye kina kinahitaji joto zaidi au muda mrefu zaidi, kwa hiyo sikichanganyi na sahani bapa. Ukisubiri kibakuli kishuke, sahani itakuwa imeshachorwa alama za kalibu upande wa chini.

Kupitia tundu la kuchungulia unaona mistari myekundu ya koili ikijiakisi juu ya kioo. Mistari ikiwa imenyooka, kioo bado. Ikianza kujipinda, kimeanza kushuka, na hapo sibanduki. Navaa miwani ya kinga, nachungulia kila kalibu kwa zamu.

Kalibu zenyewe ni nzuri, ila tundu za hewa zilikuja ndogo mno. Ukipaka ule uji wa kaolini na alumina unaozuia kioo kung'ang'ania, zinaziba. Nazizibua kwa sindano kabla uji haujakauka, kisha nainua kila kalibu juu ya vipande vifupi vya udongo ili hewa ya chini ipate pa kutokea. Kila moja naipima kwa pima maji peke yake. Rafu kuwa sawa hakutoshi.

Kilichonikera ni kijitabu cha maelekezo. Vipimo vyote ni vya Farenhaiti, na ni vya kioo maalumu cha sanaa tu. Aina moja maarufu ya kioo hicho hutulizwa, yaani hushikiliwa kwenye joto moja wakati wa kupoa ili mkazo wa ndani uishe, kwenye nyuzi 482 za Selsiasi. Cha dirisha kinataka karibu 550. Ukifuata kijitabu kwa kioo cha dirisha, mkazo unabaki ndani, na sahani inaweza kupasuka siku nyingine ikiwa mezani kwa mteja. Mimi napandisha polepole, kama nyuzi 120 kwa saa, kwa sababu udongo wa kalibu nao unapaswa kupata moto. Nafika 700 na ushei, nashusha hadi 550, natuliza saa nzima, halafu naliacha lipoe taratibu. Mzigo ukiwa na unene tofauti, muda wa kutuliza unafuata kile kinene kuliko vyote.

Watu huniuliza kama chupa na kioo cha dirisha vinaweza kuingia pamoja. Vioo vya aina tofauti kutanuka tofauti kwa joto ni tatizo pale vinapoyeyushwa vikashikana. Kila kimoja kikiwa kwenye kalibu yake, kinachobaki kuangalia ni kama vinalegea na kutulia kwenye joto linalokaribiana.

Umeme pia uuhesabie. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, koili hutoa kama robo tatu tu ya nguvu yake. Kidhibiti cha tanuri hili husubiri joto lifike kabla ya kuanza kuhesabu muda, jambo lililoniokolea mizigo mingi ya jioni.

Kwa anayetengeneza kimoja kimoja cha maumbo tofauti, tanuri dogo linamtosha. Wa seti, nunua hili, na uagize papo hapo koili za akiba na kipima joto cha ziada, kwa sababu vipuri vikiagizwa baadaye vinachelewa sana.